Aliyetufundisha Kuamkia Tukiwa Chali

Jumanne asubuhi nilipata habari kwamba mwalimu wa usemi wa Buswelu amefariki. Nilikuwa nanyoa ndevu, na nusu ya uso ilibaki na povu mpaka nilipomaliza kumsimulia mke wangu. Wasomaji wangu wengi hamkumfahamu, kwa sababu hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyesomea baadaye kuwasaidia watoto wenye shida ya matamshi, akageuza sebule yake kuwa mahali pa kuwapokea. Hakuweka kibao mlangoni. Ukikuta watoto na wazazi wao wamelala sakafuni, ujue umefika.

Mimi nilifika na binti yangu wa miaka mitano. Sauti ya k hakuwa nayo. Kila penye k aliweka t. Kuku alikuwa tutu, kitabu kilikuwa titabu, nasi nyumbani tulicheka, mpaka Krismasi alipokuja mama mkwe wangu kutoka Bukoba. Mbele ya wageni nilimwagiza mtoto amwamkie bibi yake. Akasema "shitamoo". Nikamwambia aseme vizuri, akarudia vilevile, nikamwambia tena. Mara ya nne alikimbilia nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo hakumwamkia mtu mzima yeyote. Mnajua kwetu hiyo maana yake ni nini. Mtoto asiyeamkia hasemwi kwamba ana shida, husemwa kwamba hana adabu, na wazazi wake hujadiliwa. Mama mkwe aliuliza tunamlelea wapi mjukuu wake. Mjomba wa mtoto alishauri akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi.

Mwalimu aliagiza kiuzi kiachwe. Kwanza alitutuma hospitali masikio yapimwe, kwani mtoto hawezi kusema sauti asiyoisikia. Kisha alieleza, taratibu, kwamba kila mtoto ana njia yake: mmoja anahitaji kuonyeshwa ulimi ukae wapi, mwingine anahitaji kwanza kuzitofautisha sauti mbili kwa sikio, na mwingine hana shida yoyote ila wazazi wenye haraka. Nikauliza, je, na hizi l na r anazochanganya?

"Hizo hata wewe umezichanganya tangu umeingia," akasema. "Hiyo siyo kasoro, baba, ndivyo tunavyoongea huku. Nikianza kuitibu, nitalaza mkoa mzima."

Kulaza ndiyo iliyokuwa njia yake kwa binti yangu. Msomaji, sema "ta" hapo ulipo, usione aibu. Ncha ya ulimi imegonga nyuma ya meno. Sasa sema "ka". Safari hii imepanda sehemu ya nyuma ya ulimi, kule kooni. Mtoto akilala chali, ulimi wenyewe huelekea nyuma, na kazi inakuwa nyepesi. Akiipata sauti peke yake, anaitia ndani ya neno, halafu ndani ya sentensi, halafu anaketi, halafu anasimama. Ni dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku, na ni marufuku kumwambia "sema vizuri". Akikosea, wewe litamke neno lilivyo, maongezi yaendelee.

"Na baba alale," mwalimu akaamuru.

"Mimi naongea vizuri, mwalimu."

"Sijakuuliza. Lala."

Basi tukawa tunalala. Wiki moja kabla ya Pasaka mwalimu alikuja kwetu kuona kama tunafanya mazoezi au tunamdanganya. Tulikuwa watatu chali kwenye mkeka, mwalimu, binti yangu, na mimi na bukta yangu, mdomoni nikiwa na maji ya kusukutulia koo. Maji hayo, ya kuuzoesha ulimi kupanda kule nyuma, mwalimu alikuwa ameagiza tuyasukutue tukiwa tumeketi, lakini mimi nilikuwa mvivu wa kuinuka. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, tuliyemtarajia Pasaka, alikuwa amewahi, na mkungu wa ndizi mkononi.

"Mmepatwa na nini humu ndani?"

Nilikurupuka kumwamkia mkwe wangu kwa heshima zote, maji yakapita njia isiyo yao, na neno lililotoka lilikuwa "shi" likifuatiwa na kikohozi kirefu. Nilijaribu tena, nikakohoa tena. Ndipo, katikati ya aibu yangu, ikasikika sauti kutoka mkekani. "Shikamoo, bibi." Ile k ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama kijiti kilichovunjwa, lakini ilikuwa k.

Mama mkwe alimtazama. "Anamwamkia bibi yake amelala?"

Mwalimu, naye akiwa bado chali, alimjibu kwa upole. "Shikamoo, mama. Mwitikie kwanza. Kuinuka tutamfundisha wiki ijayo."

Mama mkwe akaushusha mkungu, akainama. "Marahaba, mjukuu wangu." Mtoto alimwamkia tena, na tena, mpaka bibi akaomba apumzike.

Alhamisi tulikwenda kumuaga mwalimu. Binti yangu, sasa yuko kidato cha kwanza, alisimama mbele ya jeneza na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo, mwalimu." Mzee mmoja kwenye foleni alinong'ona kwamba marehemu haamkiwi. Mama mkwe, aliyesafiri usiku kucha kuja kuzika, alimgeukia. "Mwache mtoto." Kisha akaitikia yeye, kwa niaba ya aliyelala. "Marahaba."

Nimerudi nyumbani na somo moja tu. Mtoto akikusemesha kwa sauti zozote alizonazo, mwitikie kwanza. Mengine yatanyooshwa wiki ijayo.