Mayai ya Kuvukia Bahari

Baba wa mwanangu hajui kuogelea. Amekulia Mkata, na maji mengi aliyoyazoea ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Lakini akapata kazi ya upishi kwenye yoti, boti ya matanga ya Wazungu wawili, mume na mke, iliyotia nanga Tanga. Wakaamua kuvuka bahari mpaka Malaysia, wiki tano bila kukanyaga nchi kavu, na yeye humo humo. Friji lao ni dogo kama kabati la viatu, kwa hiyo akanipigia simu: nitafutie mayai mia mbili ya kienyeji, yasiguswe maji. Yai lisilooshwa, ukiligeuza kila siku, linakaa mwezi na zaidi.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa mama yake, Kabuku, na mtoto wa miezi mitatu ambaye hajanyolewa. Kwao nywele za kwanza hunyolewa uani kwa baba, na bibi ndiye anayeshika wembe. Huyu bibi alikataa katakata. Jirani akipita, anamfunua mtoto na kusema, "Hebu tazama masikio haya. Kwetu hakuna. Mwanangu aje aseme kwa mdomo wake ndiyo nishike wembe." Nimemaliza kidato cha nne ili mwanangu aje akaguliwe masikio kama mbuzi mnadani.

Nikaenda kwetu Kerenge, siku mbili, mtoto mgongoni, nyumba hadi nyumba, mpaka mayai yakatimia, nikarudi nayo Kabuku.

Asubuhi ya siku ambayo baba mtoto angekuja kuyachukua, nikamkuta mama yake uani na beseni la sabuni. Ameyaosha yote.

"Mama, nilikwambia yasiguswe maji!"

"Wazungu wapelekewe mavi ya kuku, watuone watu wa namna gani? Huko shule usafi hukufundishwa?"

Tukayapanga kwenye maboksi yenye pumba za mpunga. Nilikusudia kumwambia baba mtoto akifika. Wallahi nilikusudia.

Akaja mchana na pikapu ya kukodi, miwani myeusi, kofia mpya. "Shikamoo mama." Mtoto hakumgusa.

"Kabla hujapakia," nikamwambia, "mwambie mama yako huyu ni wa nani."

"Si nirudi kwanza? Sasa hivi kichwa changu kiko baharini."

"Neno moja tu."

Akamgeukia mama yake. "Ila mama, hayo masikio hata mimi yananitatiza." Wakacheka, mtu na mamake, mpaka dereva naye akacheka.

Kisha akainamia maboksi. "Haya hayajaoshwa? Maana yakioshwa, wiki ya pili yote viza, na huko katikati hakuna duka. Yule mzee mwenye yoti nikimlisha uozo, ananishusha bandari ya kwanza, nauli juu yangu."

Mama yake akaacha kucheka. Nilipomwambia mimi aliona upuuzi, aliposema mwanawe akaamini. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza yalikuwa macho ya kuomba.

"Hayajaguswa maji," nikasema.

"Mbona meupe hivi?"

"Kuku wa Kerenge wanatagia majani makavu. Au ulitaka nikupakulie na mavi?"

Akapakia. Wale Wazungu hawakunikosea kitu. Nililijua hilo nikiwa nafumba mdomo.

Kesho yake asubuhi ikaingia picha: yeye amesimama chini ya tanga lililojaa upepo, nyuma yake bandari imebaki kamstari. Nikampa mama yake simu.

"Mchele si wanao?" akauliza. "Na maharage?"

"Wanao. Mayai hawana."

"Hukumwambia."

"Nimwambie sasa? Kama picha imefika, mtandao bado unashika. Wanaweza kugeuza, wakanunua mengine. Nimwambie nani aliyeyaosha?"

Akanirudishia simu. Mtoto wake mwenyewe yuko juu ya maji, na huyu mama anawaza aibu yake.

"Usipige," akasema. Halafu, taratibu, "Mlete mtoto."

Akaja na wembe mpya na bakuli la maji. Nikakishika kichwa cha mwanangu, nywele zikaanza kuanguka kwenye kanga. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua.

"Sema huyu ni nani wako," nikamwambia. "Kwa sauti, wakusikie."

Akasema, "Mjukuu wangu." Nikamwambia arudie, maana mara ya kwanza sikuridhika.