Tulikula Sahani Moja

"Anakula vizuri?" daktari aliuliza, na mimi kwa kiherehere changu nikadakia kabla mtoto hajafungua mdomo. "Anakula, daktari! Tunakula naye sahani moja."

Niliapa hivyo mara tatu, mbele ya madaktari watatu. Wa kwanza alitupa dawa za minyoo. Wa pili akasema vidonda vya tumbo. Wa tatu akapima makohozi, akatuambia turudi baada ya wiki mbili. Wangefanyaje, na mama mtu ndiye shahidi? Wakati huo binti yangu wa miaka kumi na sita anaisha, na baridi yetu ya Sumbawanga inamfichia siri. Masweta mawili, la shule juu, nani atashangaa? Hapa mtaani kwetu Kasense hata mbuzi angevaa.

Na kweli tulikula sahani moja, mimi, yeye na dada yake. Namwona anamega ugali, anafinyanga tonge, anachovya kwenye maharage, mkono unapanda. Ugali unakwisha. Nani anahesabu matonge ya mwenzake? Huo ni uchoyo, mimi nimelelewa hivyo.

Lile sweta la shule hakuruhusu mtu aliguse. Analifua mwenyewe, analianika mwenyewe. Nikamsifia kwa majirani, eti nimejaliwa mtoto msafi.

Jumamosi moja nikalikuta kwenye beseni langu la nguo. Nikatia mkono mfukoni nitoe kalamu. Nikatoa matonge. Makavu, yamepasuka, mengine bado yana alama za vidole vyake. Mungu wangu! Hasira zikanipanda, nikataka kumchapa. Kisha nikamwona mlangoni, ameshika mwimo asianguke, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Sikungoja wiki mbili. Nilimpeleka hospitali saa ileile.

"Anakula?" daktari aliuliza tena. Safari hii nikamwaga matonge mezani.

Daktari aliyatazama, akaandika alazwe. Akaniambia huo ni ugonjwa wa kuogopa chakula, na tumechelewa sana. Kisha akamgeukia mtoto, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuyatupa.

"Nilikuwa nayatupa kila siku," akasema binti yangu, bila kunitazama. "Wiki hii niliyaacha, sweta nikaliweka kwenye beseni la mama. Nilichoka kumngoja aone."