Benki Isiyo na Mlango

Mama akikasirika haanzi na salamu. Siku ile alinipigia simu, nikapokea, akaingia moja kwa moja. "Hela yangu imekonda. Niliiacha nzima, nimeikuta mgonjwa. Nani kaila?"

Hakuna aliyeiiba. Yalikuwa makato: ya kila mwezi, ya kuuliza salio, ya kutoa. Kila akishalipwa korosho zake, Mama huacha sehemu benki imvushe miezi ya njaa, wakati mihogo ya mwaka jana imekwisha na ya mwaka huu bado iko ardhini. Mwaka huo alipoifuata mjini Ruangwa aliikuta pungufu. Na kutoka kwake Nandagala alikuwa amelipa bodaboda kwenda na kurudi, akakaa foleni mpaka swala ya adhuhuri ikampita. Mimi nilikuwa Nachingwea, kwenye cherehani yangu, pini mdomoni, namsikia akihema.

Mimi ni mtu wa haraka. Nikishaona jawabu siwezi kumvumilia mwingine anayelitafuta. Na jawabu nilikuwa nalo. Mafundi wenzangu pale sokoni walikuwa wamehamia benki moja mpya, isiyo na makato ya mwezi, unatoa hela kwa wakala kwa ada ndogo. Wakala wake mmoja alikuwa na kiduka hatua chache kutoka kwa Mama, anauza vocha na unga. Nilipiga hesabu kwa chaki juu ya kipande cha kitambaa, nikaona atakachookoa Mama kwa mwaka, nikampigia kwa furaha.

"Jengo lake liko wapi?" aliuliza.

"Huku haina jengo, Mama. Iko kwenye simu na kwa mawakala."

"Haina jengo. Haya. Siku nikigombana nayo, nitagonga mlango gani?"

Nikamwambia mambo yamebadilika. Ndivyo tunavyowaambia wazazi tukikosa la kusema.

Kuhama hakukuwa kwepesi kwake kama nilivyodhani. Benki ya zamani ilimkata, lakini ilimjua. Karani wa dirisha la pili huangalia picha kwenye kitambulisho, huangalia uso, kisha humuuliza habari za shamba. Jirani yake mmoja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, alikuwa na ushauri wa tatu: anunue ndama, ndama hana makato. Mama akamjibu kwamba ndama wake yeye walishakata makato kwenye mihogo yake msimu uliopita, tena bila risiti. Walicheka wote wawili, na siku hiyo Mama alipewa maziwa bure.

Muda nao ulikuwa unatubana. Katibu wa chama cha msingi, kile kinachokusanya korosho za wakulima na kuzipeleka mnadani, alikuwa ametangaza kwamba anayebadili akaunti alete namba mpya kabla ya Alhamisi. Ukichelewa, malipo ya msimu mzima yanakwenda kule kule. Jumatatu nikafunga cherehani, nikapanda gari la Ruangwa, jioni nikalala kwa Mama. Alikuwa amekubali, shingo upande.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwa wakala, binti mwenye heshima aliyemwamkia Mama kabla hatujakaa. Aliandika namba ya kitambulisho, akasogeza kimashine kidogo chenye kioo.

"Bibi, weka kidole gumba hapa."

Kimashine kikalia, kikakataa. Binti akafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake. Gumba la pili, kikakataa. Vidole vya shahada, kimoja kimoja, kikakataa. Akamnawisha Mama mikono, akamkausha, wakaanza upya. Nyuma yetu watu wanne waliokuja kutoa hela wakaanza kukohoa.

"Alama zimefutika, bibi," binti alisema kwa upole. "Unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho."

Mama amebangua korosho tangu sijazaliwa. Si zile za chama, zile zinakwenda na maganda yake. Huchukua kidogo za nyumbani, huzichoma kwenye kikaango cha bati, huziweka moja moja juu ya jiwe, hugonga kwa kijiti, hutoa kiini. Hushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mwisho amekinyanyua juu, na utotoni nilimwiga nikinywa chai nikidhani ndiyo madaha ya watu wazima. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Hujipaka jivu, lakini jivu halifui dafu. Vidole vyake vimekuwa laini kama sabuni iliyokaribia kwisha. Hata tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mashine ilimkataa. Tukalaumu mtandao, nikaisajili laini yake kwa jina langu, yakaisha.

Binti alinigeukia mimi. "Kuna njia rahisi. Tufungue akaunti kwa jina lako. Ila na kule chamani mbadilishe jina kwenye daftari, yafanane."

"Sawa," nikasema.

Nilisema hivyo hivyo, kwa haraka yangu, hata sikumtazama aliyekaa pembeni yangu. Mama akavuta khanga yake begani, akainuka.

"Turudi nyumbani."

Njiani alitangulia mbele yangu. Tulipofika uani ndipo aliposema, bila kupandisha sauti, "Simu, jina lako. Sasa hela, jina lako. Na mikorosho kwenye daftari, jina lako. Ile mikorosho niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Utakuja kuachiwa wewe, sijakataa. Lakini mimi sijafa, mwanangu."

Niliona aibu. Nilitaka kujitetea kwamba nilikuwa namwokolea hela, na ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa tayari kumfuta yeye ili nimwondolee makato. Sare zangu za shule, madaftari, na cherehani yangu ya kwanza vilitoka kwenye korosho alizozibangua yeye na kuziuza kwa vipakiti stendi. Alama za vidole vyake zilikwenda huko, kwangu. Nilimwomba radhi. Akasema, "Lete jivu."

Alasiri ile tulikaa tukabangua. Mimi sikuwa na mazoea tena, nikaungua mapema, akanicheka. Nikawa namtazama tu mikono. Korosho kati ya gumba na vidole viwili, kijiti kikishuka, ganda likipasuka. Na kile kidole cha mwisho cha kushoto kimenyanyuka peke yake, hakigusi kitu.

"Mama, hicho kidole."

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya chochote. Miaka yote hakijafanya chochote!"

Alikitazama kama mtoto mvivu aliyegunduliwa. Kwenye kitambulisho walichukua alama za vidole vyote kumi, kwa hiyo nikamwomba tujaribu mara moja tu, kesho, kabla ya Alhamisi ya katibu.

"Kidole cha mwisho, tena cha kushoto?" alisema. "Maisha yangu yote napokea vitu kwa mkono wa kulia. Leo hela nikaifuate na mkono wa kuchambia?"

"Hupokei kitu, Mama. Unajitambulisha tu."

Akafikiri, akapasua nyingine mbili. "Na hiyo benki ikiniudhi?"

"Tutagonga kwa yule binti. Yeye ana mlango."

Hilo lilimkaa. Jumatano tukawa wa kwanza dukani. Mama alikuwa amevaa khanga mpya, na kidole amekikunja ndani ya kiganja njia nzima, kisije kikachubuka. Alisema bismillahi, akakiweka juu ya kioo. Mimi nilifumba macho.

Kimashine kikalia, sauti nyingine kabisa. Binti akatabasamu, akainama kwenye simu yake, akasoma kwa sauti majina yote matatu ya Mama, polepole, kama yalivyoandikwa.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Rudia," alisema.

Binti akarudia.

"Kusoma hivyo mnakata shilingi ngapi?"

"Bure, bibi."

"Basi rudia tena."