Anayemeza ni Mteja

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla sijaketi. Nilikuwa nimejipaka marashi ya mama yangu, yale ya Jumapili, nikatembea kutoka mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, hadi Industrial Area nikijiona mtu wa ofisi kamili. Kampuni ilikuwa ya kufungasha majani ya chai, na idara iliyoniajiri ilikuwa ya kuonja. Mwonjaji Mkuu, mzee mrefu mwenye koti jeupe, alinisimamisha mlangoni, akavuta pumzi kwa pua, akafumba macho.

"Binti, umekuja kuonja chai ama umekuja harusi?"

"Nimekuja kazi, sir."

"Basi rudi ukaoge. Humu ndani pua ni chombo cha kazi. Ukichafua yako, umechafua na zetu."

Nilirudi, nikaoga, nikaja tena jasho likinitiririka, na tangu hapo sikujipaka marashi siku ya kazi hadi nilipoiacha ile kampuni. Kitunguu kibichi nacho nilikiacha, na pilipili, na rangi ya mdomo. Kina mama wa kanisani walidhani nimeokoka kuwashinda.

Nyinyi vijana mnaona chai ni chai. Hebu niwaeleze. Nilianza kama karani wa sampuli, yaani yule anayepokea majani kidogo kutoka kila shehena na kuyapanga mezani. Majani yalipimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara, yakamwagiwa maji yaliyochemka sasa hivi, kikombe kikafunikwa, kisha chai ikachujwa katika bakuli jeupe ili rangi isidanganye mtu. Mwonjaji alipita na kijiko, akavuta chai kwa kelele ambazo nyumbani zingekuletea kofi. Kelele ile ina kazi: hewa inapoingia pamoja na chai, ulimi wote unapata habari. Anaisukutua mdomoni, anaitema ndani ya ndoo ndefu iliyo kando yake, anataja hukumu, anasogelea bakuli la pili. Chai yenye uhai tuliiita changamfu. Iliyopooza tuliiita iliyolala. Majani madogo kabisa, yanayoitwa vumbi, ndiyo yanayotoa rangi kali ambayo watu wa Eastlands, mitaa ya huku kwetu, wanaipenda.

Nilipopandishwa kuwa mwonjaji msaidizi, asubuhi ya kwanza nilimeza. Chai ilikuwa tamu na mimi nilikuwa nimetoka bila kiamshakinywa. Mwonjaji Mkuu alisikia koo langu kutoka upande wa pili wa meza, sijui kwa masikio gani.

"Umemeza."

"Kidogo tu, sir."

"Mwonjaji hamezi. Anayemeza ni mteja. Siku utakayomeza, vua hilo koti ukakae na wateja."

Sikumeza tena. Mzee yule alistaafu, akaja Meneja wa Ubora, mama mpole aliyenifundisha kuchanganya: majani ya milimani kwa harufu, ya Magharibi kwa nguvu, hadi pakiti ya leo ifanane na ya mwaka jana. Nikawa mchanganyaji, mwishowe msimamizi wa chumba kizima. Niliipenda ile kazi, sitawaficha. Nilikuwa nikipita dukani Jericho na kuona pakiti zetu kwenye rafu, najinyoosha kidogo kama mzazi siku ya kufunga shule.

Halafu kampuni ikapata wamiliki wapya. Mkurugenzi, kijana mwenye suti iliyombana, aliniita ofisini.

"Chumba cha kuonja kinahamia Mombasa, madam. Nafasi yako iko huko. Hapa Nairobi haitakuwepo."

Nilikuwa naishi Jericho na mama yangu na binti yangu Ayuma, katika ile nyumba ya kaunti niliyokulia. Mama miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa. Kliniki yake ilikuwa karibu, na kina mama wenzake wa kutoka Magharibi walikuja kumwimbia kila Alhamisi. Nilipomtajia Mombasa alisema tu, "Wewe nenda. Mimi unirudishe Kakamega nikamngoje Mungu huko." Kakamega hapakuwa na mtu wa kumpikia uji. Nikavua koti jeupe, nikalikunja, nikaliacha kwenye kiti.

Kiinua mgongo nilikitia katika kibanda cha chai kando ya soko la Jericho. Hiyo ndiyo ilikuwa karata yangu ya mwisho. Kibanda kikisimama, tunabaki. Kikianguka, tunafungasha, na mama anaenda kukaa peke yake. Kila nilipochochea moto nililikumbuka hilo.

Siku ya kufungua, benchi lilijaa. Walikuwepo mafundi wa mbao, akiwemo jirani yangu Mzee Mutua aliyechonga miguu ya viti, na vijana wawili wa kubeba nyama kutoka machinjio ya Kiamaiko. Sufuria ilichemka, maziwa, majani niliyochanganya mwenyewe, tangawizi. Nikachota kijiko kuhakikisha. Mazoea yana taabu, jamani. Nilivuta kwa ile kelele, nikasukutua, nikaangalia juu, nikatema pyuu! ndani ya ndoo. Kisha nikageuka na tabasamu kuwajazia watu vikombe.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mathe," kijana mmoja wa Kiamaiko akasema, "umetema chai yako?"

"Naionja tu, mwanangu. Ni utaalamu."

"Utaalamu gani wa kutema? Kama wewe mwenyewe huimezi, sisi tutaimeza aje?"

"Hiyo iko na dawa," mwenzake akanong'ona kwa sauti ya kusikika soko zima. "Dawa ya kuvuta wateja. Mwenye kuweka hakunywangi."

Benchi likabaki tupu. Mzee Mutua ndiye aliyeondoka mwisho, kwa heshima, akisema amekumbuka ana gundi inakauka. Nilieleza habari ya mabakuli meupe na kampuni na koti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Wiki ile nilimwaga chai kwenye mtaro asubuhi na jioni. Kizuri chajiuza, wanasema. Changu kilikuwa kizuri na kilikataa kujiuza. Niliona uchungu, na hasira pia: watu hawa walikuwa wamekunywa mchanganyiko wangu nusu ya maisha yao bila kujua, leo wananiita mchawi!

Mama aliona. Jumamosi nilimkuta ameketi kitandani, ametoa sanduku la bati chini na anakunja leso zake.

"Mama, unafanya nini?"

"Najitayarisha. Mchuma janga hula na wa kwao." Alikunja nyingine. "Lakini nikuulize. Tangu uende kwa ile kampuni, umewahi kumaliza kikombe cha chai?"

Nikafikiri. Nyumbani nilikuwa nikionja, nikisema "imelala" ama "iko sawa," nikiacha kikombe mezani. Maji ndiyo niliyokunywa.

"Mimi nimekupikia chai miaka yote hiyo," mama akasema, "na sijakuona ukiimeza. Mimi ni mama yako, nilivumilia. Hao watu wa soko wewe ni nani yao?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko benchi tupu.

Jumatatu sikusimama nyuma ya sufuria. Nilijaza kikombe kikubwa, nikatoka, nikaketi kwenye benchi la wateja nikiwatazama wapita njia. Mzee Mutua alisimama mlangoni kwake na patasi mkononi. Vijana wa Kiamaiko nao wakasimama. Wote walikuwa wakitazama koo langu.

Nikameza.

Tangawizi ilinichoma kooni hadi machozi. Ulimini ilikuwa na kipimo sawa, lakini koo lina hesabu yake, na koo sikuwahi kuliuliza. Nikakohoa, nikameza tena, joto likashuka kifuani, nikaendelea mpaka kikombe kikawa kitupu, nikakipindua wakione.

"Tangawizi imezidi," nikasema.

"Sasa hiyo ndiyo ilikuwa dawa?" Mzee Mutua akauliza. Vijana wakacheka. "Punguza, halafu uniletee changu."

Nilipunguza. Alikunywa, akaongeza kikombe cha pili. Kufikia Krismasi sanduku la bati lilikuwa limerudi chini ya kitanda, na mama akazeekea pale Jericho akiimbiwa kila Alhamisi hadi siku yake ilipofika.

Sasa nimestaafu mara ya pili. Ayuma ndiye mwenye sufuria. Mimi huenda asubuhi nikiwa nimejipaka marashi, mengi, bila kuomba ruhusa ya mtu, na kuketi mwisho wa benchi. Nawaambia nyinyi mnaoacha ofisi kuja sokoni: njooni na ujuzi wenu wote, lakini kaeni kwanza pale wanapokaa wateja. Ulimi wangu umechakaa. Changamfu na iliyolala siku hizi zinanichanganya. Ayuma hulijua hilo, na bado hunijazia kikombe cha kwanza, akasimama na mwiko mkononi akitazama koo langu.

"Mama, iko aje leo?"

Namwambia angoje. Nameza kwanza, ndipo ninamjibu.