Picha Ishirini na Tano za Mbayuwayu

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ilitoka mikononi mwa Mzee Rajabu, mpiga picha wa mtaa wetu pale Arua. Ilikuwa harufu kali na chachu, kama ya siki iliyosahauliwa kwenye chupa. Alinawa kwa sabuni mara tatu kabla ya kula, na bado akikupa kipande cha muhogo ulikila pamoja na ile dawa yake ya kusafishia picha. Kibaraza chake kilitazamana na nyumba ya Shangazi Zainabu, dada wa baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea, na juu ya kibaraza hicho zilipita nyaya za umeme kuelekea upande wa Pajulu. Naziita nyaya za umeme kwa heshima tu, maana umeme wenyewe ulikuwa umeondoka pamoja na vita, na tangu tuliporudi kutoka Zaire sikuwahi kuona taa ikiwaka mtaani petu. Nguzo zilikuwepo, nyaya zilikuwepo, na kazi yake ilikuwa moja tu, kubeba ndege. Kila mwaka mvua zilipokaribia kuisha na watu kuanza kukata ufuta, mbayuwayu walifika kwa mamia, wakajipanga bega kwa bega, wakapiga soga asubuhi nzima. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na niliwaonea wivu kwa jinsi walivyokuwa wengi.

Mimi nilikuwa peke yangu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, ndivyo ilivyokuwa. Mama alibaki Zaire kwa mume mwingine, huko Ariwara, na Shangazi alishinda sokoni akiuza chumvi na dagaa. Watoto wa mtaani walinijua kama mtoto wa mwanajeshi wa zamani, na mama zao hawakupenda niingie kwao, kana kwamba baba yangu angeweza kutoka mfukoni mwangu. Baba alikimbilia Sudan mwaka wa 1979, serikali aliyoitumikia ilipoangushwa, mimi nikiwa bado sijatembea vizuri. Alikaa kambini kando ya Yei na hakuthubutu kurudi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja, kwa sababu picha zake zote alizipiga akiwa amevaa magwanda, na Shangazi alizichoma jikoni siku tuliyokimbia. Kwa hiyo mimi sikuijua sura yake, na yeye hakuijua yangu.

Ndipo siku moja akaja Taban, mfanyabiashara wa Koboko aliyevusha sabuni na chumvi kwa baiskeli mpaka Kaya, upande wa Sudan, akaketi kwenye mkeka wetu na kunywa chai bila haraka, huku Shangazi roho ikiwa juu. Ujumbe aliouleta ulikuwa mfupi. Baba alitaka kuniona. Arua hawezi kufika, lakini Koboko ni karibu na mpaka, angeweza kuingia siku ya soko kubwa na kutoka kabla ya jua kuzama. Tatizo lilikuwa moja. "Anasema yeye hajui sura ya mutoto," Taban akasema. "Na sokoni hawezi kuuliza-uliza, watu watamujua. Mupige picha ya mutoto, mimi nitabeba. Akiona picha, atamutafuta yeye mwenyewe." Shangazi naye asingeweza kunionyesha kwake, maana tulikubaliana kwamba asionekane akiongea na kaka yake. Mimi ndimi ningesimama mahali pa wazi, karibu na mafundi wa baiskeli, na yeye angekuja kama mtu anayenisalimia tu.

Shangazi alinivalisha gauni la Idi, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanipeleka ng'ambo ya barabara. Mzee Rajabu alinikalisha kwenye kigoda mbele ya shuka la buluu, akanikemea nisicheke, kisha akabonyeza. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe filamu ile ilikuwa na nafasi ya picha thelathini na sita, na yangu ilikuwa ya tano. Mzee hakusafisha filamu mpaka ijae, na biashara ilikuwa mbovu, pengine watu wawili kwa wiki. Nilikwenda kila siku kuuliza. Alinijibu vilevile, bila hasira, akipangusa kioo cha kamera kwa ncha ya kanzu. "Picha yako iko ndani ya hii sanduku, imelala. Filamu bado kwisha. Wewe ngoja." Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza chake nikiitazama kamera ile, nikiomba wapatikane watu wa kuoana.

Wiki tatu zikapita hivyo, mpaka Taban alipopita kutuambia kwamba kesho alfajiri anaondoka na hatarudi tena kabla ya siku ya soko lile. Shangazi akavuka barabara, akasimama mbele ya Mzee Rajabu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimbembeleza mtu. Mzee alitazama namba juu ya kamera, zilibaki picha ishirini na tano. Filamu zililetwa kutoka Kampala kwa shida, na yeye alikuwa mtu anayeunga hata kamba iliyokatika. Mwishowe akainyoosha kamera, si kwa Shangazi bali kwangu. "Haya, maliza wewe. Lakini usipige ukuta. Piga kitu." Akanionyesha jinsi ya kuzungusha kitufe na kutazama kwenye kijidirisha, akaniachia ule mkanda wa ngozi shingoni. Sikuwa na haja ya kufikiri nipige nini. Ningepiga watu wangetaka nakala, na kama si nakala wangetaka kujua mimi mtoto wa nani. Ndege hawaulizi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu usoni. Mzee aliingia ndani kuswali alasiri, nikabaki na kamera mapajani. Alikuwa ameniambia mara ishirini kwamba picha yangu iko ndani imelala, na mimi nilikuwa sijawahi kujiona kwenye picha. Nilitaka kujiona kabla baba hajaniona, nijue kama ninafaa. Nikavuta kile kifuniko cha nyuma, kikafunguka kwa mlio mdogo. Ndani hamkuwa na mtoto yeyote. Kulikuwa na utepe wa kijivu tu, laini, umejiviringisha upande mmoja. Niliutazama nikitafuta gauni langu, nikaugeuzia kwenye mwanga nione vizuri zaidi, kisha nikafunga upesi niliposikia Mzee akitoa salamu ya mwisho ya swala. Nilijiambia kwamba labda picha huonekana na watu wazima tu.

Halafu nikapiga ndege. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Nilipiga waliokaa wawili wawili, nikapiga waliobanana mpaka waya ukapinda, nikapiga mmoja aliyejitenga mbali na wenzake kwenye kikombe cha kauri kinachoshika waya juu ya nguzo, huyo nikampiga mara mbili. Lori likipita waliruka wote kwa pamoja na kurudi kila mmoja mahali pake, na mimi nilisubiri watulie kama Mzee alivyosubiri watu watulie. Ilipobaki picha moja nilitaka niwapate wote, nguzo mpaka nguzo, kwa hiyo nikarudi nyuma hatua nyingi barabarani, jua likiwa mgongoni. Nilibonyeza, na nilipojaribu kuzungusha tena, kitufe kikakwama. Filamu ilikuwa imekwisha.

Kwa kuwa umeme haukuwepo, Mzee Rajabu alitumia jua. Mlango wa chumba chake cha giza aliutoboa tundu, akalifunika kwa kadibodi, na alipotaka kutoa picha aliinua kadibodi ile akihesabu kwa sauti, kisha akaishusha. Lakini kabla ya hapo alisafisha mkanda, akautoa ukidondoka maji na kuuinua dirishani. Nilisimama nyuma yake. Alitazama, akashuka na kidole kutoka juu mpaka chini. Sehemu ya kwanza yote ilikuwa nyeusi tititi, imeunguzwa na mwanga, na baada yake zikaanza nyaya, safi, moja baada ya nyingine. "Nani alifungua?" akauliza. Nikasema ni mimi, nilitaka kujiona. Nilingoja kofi, halikuja. "Watu kumi na moja imekwisha," akasema polepole, kama anayewahesabu. Kulikuwa na bwana harusi wa Pajulu mle ndani, na mapacha wa mwalimu. "Ndege yote iko salama." Ningependelea anichape.

Filamu nyingine haikuwepo, na Taban alikuwa anaondoka alfajiri. Shangazi aliketi kwenye ngazi akaficha uso kwa mtandio. Nadhani ni kwa ajili yake kwamba Mzee alianza kuupitia mkanda upya, na alipofika picha ya mwisho akaniita. Chini ya ndege, barabarani, kilikuwa kimelala kivuli kirefu chenye miguu miembamba na mikono iliyokunjwa usawa wa kichwa, viwiko vimetoka nje pande zote mbili. Kilikuwa changu. Alihesabu mpaka tisa kwenye tundu lake, akaitoa picha ile kabla jua halijashuka, na kuikausha kwa kuipepea kwa kawa. Nilitaka kuandika nyuma yake, akanikataza, kwa sababu barua iliyokwenda Sudan ikikutwa kwenye kizuizi ilimletea matatizo aliyeibeba. "Ndege haina shida njiani," alisema. Basi maneno nikayatia kinywani mwa Taban. Nilimwambia amwambie baba kwamba kivuli kile ni mimi, na kwamba sokoni, kwa mafundi wa baiskeli, nitasimama hivihivi, mikono machoni. Taban akarudia maneno yangu mara mbili, akaifunga picha ndani ya kitambaa, akaondoka.

Siku ya soko tulikwenda Koboko juu ya magunia ya tumbaku, ndani ya lori lililosimamishwa mara nne. Nilisimama karibu na mafundi wa baiskeli tangu asubuhi. Mchana kivuli changu kilikuwa kifupi, kimejikusanya miguuni, nikajua bado. Jua lilipoanza kuinama kikarefuka kwenye vumbi, nami nikainua mikono machoni kama niliyeshika kamera, nikaiacha hapo. Kupitia vidole niliona kanzu, magurudumu, mbuzi, wanaume wengi wapitao. Kila aliyepunguza mwendo nilidhani ni yeye. Shangazi, aliyeshinda mbali nami ili asionekane, alipita mara moja mbele yangu akijifanya ananunua karanga, akanong'ona, "Shusha mikono, Kemisa, watu wanakutazama." Sikushusha. Mabega yaliwaka moto, baadaye yakafa ganzi, na bado nilishikilia, mpaka dereva wa lori alipopiga honi na Shangazi akaja kunivuta kwa kiwiko. Taban tulipomwona tena, miezi baadaye, alikiri kwamba hakufika kambini mwenyewe. Alimpa mtu mwingine picha pale Kaya, na maneno pia, ya mahali na ya kivuli, lakini huyo mtu alikuwa na haraka.

Baba alirudi mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa tayari nafundisha shule ya msingi Koboko. Alikuja amekonda, anatembea kwa fimbo, nikamjengea chumba kwetu Lobule, kijiji cha ukoo wetu, na tukaishi pamoja misimu miwili ya mvua kabla hajafariki. Tuliishi kwa adabu, kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja. Alasiri moja tulikuwa tunamenya karanga, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. "Mimi nilikuja, unajua," akasema. "Ile siku ya soko. Nilingoja picha yako, wakaletea mimi picha ya ndege. Nikasema huyu mutu amekosea bahasha. Nikapatia mutoto ya jirani achezee. Lakini nilikuja tu, nikasema damu itanionyesha." Akapuliza maganda mkononi. "Natazama sura ya watoto yote. Iko mutoto moja pale kwa watu ya baiskeli, amefunika macho, analia. Nikasimama kidogo. Nikasema, huyu iko na shida yake, na mimi natafuta sura. Nikapita."

Sikumwambia. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya mtoto wa miaka kumi ndani ya mwanamke mzima. Hata kama si mwanao, mtoto anayelia huulizwa analilia nini. Halafu nikatazama vidole vyake vikihangaika na ganda moja gumu, nikalichukua, nikamvunjia. Alikufa akiamini kwamba siku ile sikuletwa sokoni, na mimi nimebaki na kujua kwamba alifika hatua chache kutoka nilipokuwa.

Sasa umeme uko Arua, ukiacha siku unapokatika, na nyaya zimeongezeka mpaka mbingu ya mtaa wetu wa zamani imejaa mistari. Kibaraza cha Mzee Rajabu ni duka la simu. Binti yangu ana picha zake mwenyewe elfu kadhaa, na anafuta kila ambayo pua haikumpendeza, nami humtazama nikikumbuka kadibodi na tundu la mlango. Mbayuwayu bado wanakuja ufuta unapokatwa. Wakija mimi huenda kusimama barabarani kuwapiga picha kwa simu, nikirudi nyuma mpaka kivuli changu kiingie, na watu wa mtaani wamezoea, wananiita mwalimu wa ndege. Simu hushikwa mbali na uso, mikono imenyooshwa mbele, macho yote mawili yako nje. Anayepita anaiona sura yangu yote, na hakuna anayeweza kudhani kwamba ninalia.