Lazima ya Mjomba

Msimu wa korosho kijijini kwetu Makote unanukia mabibo. Sisemi bibo moja lililoiva mkononi, hilo harufu yake ni nyepesi. Nasema mabibo mengi yaliyoanguka chini ya mikorosho, yakalowa umande, kisha yakapigwa jua mpaka yakaanza kuchachuka, matamu na makali kwa pamoja. Harufu hiyo ikishaingia kwenye kanga haitoki kwa sabuni moja. Mpaka leo nikiisikia, hata niwe nimekaa stendi ya Masasi na gari lililobeba magunia limepita tu, narudi kwenye uwanja wetu mwaka ule tulipokuwa watatu peke yetu, mimi na wadogo zangu Hamisi na Zuhura, tukisubiri kujua kama tutaendelea kuwa watatu.

Baba alikuwa ametangulia zamani, Zuhura angali anabebwa mgongoni. Mama alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza. Nikaacha shule kabla viatu havijachakaa, na mwaka uliofuata Hamisi akavivaa yeye, kwa kuwa vilikuwa viatu vyeusi vya kamba visivyojua mvulana wala msichana. Baada ya arobaini ndugu walikaa, wakasema tuachwe kwanza, msimu ujao wa korosho ukiisha watakaa tena waamue nani anamchukua nani. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wetu aliishi Masasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana mtu mkali unaweza kumkasirikia.

Mchana tulikaa uwanjani kutenganisha korosho na mabibo yake. Unashika bibo kwa mkono mmoja, unaizungusha korosho kwa mwingine, inang'oka. Mikono inafanya kazi na masikio yanabaki huru, basi nikamwambia Hamisi atusomee alichofundishwa shule. Siku moja alikuja na Kiingereza cha kumwambia mtu afanye jambo. Kuna "must," akasema, hiyo ni lazima, kama mwanafunzi na sare. Kuna "should," huo ni ushauri tu, kama kumwambia mwenye mafua anywe maji mengi. Zuhura, aliyekuwa darasa la pili, akayachukua maneno yale akayafanya yetu: masti na shudi. Akawa anaruka kamba huku anayaimba.

Mimi yaliniingia kwa namna nyingine. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba maneno tunayoambiwa yanaweza kuchambuliwa kama korosho, nzima huku na mbovu kule. Nikaanza kutembea na masikio wazi. Mpokeaji korosho ghalani alisema, "Zikaanikwe tena hizi," na ile ilikuwa masti, hakuna wa kubishana naye. Shekhe alisema ingekuwa vizuri tukifagia njia ya msikitini, akasema kwa upole kabisa, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa na mifagio. Nikamuuliza Hamisi hiyo iende wapi. Akakuna kichwa, akasema mwalimu hakufika huko.

Aliyenishinda kabisa ni Mama Rukia, jirani yetu. Yeye ni Mmakua na sisi ni Wamakonde, kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na mtani ana ruhusa ya kusema chochote popote, hata msibani. Ukimwamkia, "Shikamoo Mama Rukia," anajibu, "Marahaba, we kijiti. Ule basi, upepo wa Newala utakubeba tukuokote Tandahimba." Alikuwa anaamrisha kuliko shekhe na mpokeaji korosho wakiwekwa pamoja, na hakuna aliyelazimika kumtii. Nikamweka pembeni, hana fungu.

Tukaufanya mchezo. Mmoja anasema neno, wengine wanapiga kelele ni lipi. Nikisema, "Hamisi, lete ungo," wanajibu, "Masti!" Nikisema, "Zuhura, kaoge kabla jua halijazama," "Masti!" Nikajaribu kulegeza sauti, "Naona kama mboga zinataka kuangaliwa." Zuhura akainua kichwa. "Masti. Dada hana shudi huyu, Dada ni masti tupu." Tukacheka mpaka mabibo yakatuponyoka. Halafu nikauliza, na mimi masti zangu ananipa nani? Nani ananiambia nipike, nilime, nichote maji? Hamisi akafikiri, akasema ipo ya tatu, "have to." Hiyo ni lazima isiyotoka kwa anayesema. Imekuja tu, kama mvua, na wewe uko chini yake. Nikaendelea na kazi, lakini neno lile nilikaa nalo siku nyingi.

Mikorosho ilipobaki majani matupu, ndugu wakaja. Mjomba kutoka Masasi, shangazi kutoka Tandahimba, bibi kutoka Mkunya. Wakatandikiwa mikeka, sisi watatu tukakaa pembeni karibu na mlango, maana watoto hawasemi kwenye kikao chao wenyewe. Mjomba akazungumza kwa utaratibu wake. Hamisi ataenda naye Masasi. Zuhura atakwenda kwa shangazi. "Na Somoe," akanielekezea mimi kidole, "atakaa na bibi yake Mkunya, mpaka Mungu atakapomletea mume. Ndivyo itakavyokuwa." Sikuhitaji Hamisi anisaidie kuchambua. Zuhura alishika pindo la kanga yangu, akalizungusha kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi.

Mama Rukia alikuwa amekuja kusalimia, kama alivyosema mwenyewe, na alikuwa amemaliza bakuli zima la kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa tuliyowawekea wageni. Akajifuta mdomo. "Enhe, gawaneni. Mnagawana watoto kama nyama ya hitima, na mie mtani hamjanipa hata utumbo." Watu wakacheka. Yeye akanyoosha mkono, akamvuta Zuhura, akampakata. "Huyu nimeshamchukua. Anayemtaka amkomboe."

Kwetu kitu alichonyakua mtani hakinyang'anywi. Unampa anachokitaka, na ukikasirika unajiaibisha mwenyewe. Mjomba aliijua desturi, akatabasamu. "Haya mtani, sema. Unataka kuku?"

"Kuku nimtafune na meno gani? Nataka maji. Kesho alfajiri ubebe ndoo ya Somoe, ushuke naye bondeni, uniletee. Wewe mwenyewe, kwa kichwa chako hicho. Ukifika nayo, mtoto huyu hapa, kagawe."

Miezi ile mabomba yalikuwa makavu, na sisi wa uwanda wa juu tulishuka ukingoni mpaka kwenye chemchemi ya bondeni. Kushuka Mjomba alikuwa anazungumza, ananionyesha miti. Chemchemini nikamtwika ndoo juu ya ngata, nikachuma majani mabichi nimwekee juu ya maji, maana maji yasipowekewa majani hayatulii, kila hatua yanaruka. Akakataa. "Mie si mwali wa kupambwa." Kwake Masasi bomba liko uani, alikuwa hajui majani ni ya nini. Tulipoanza kupanda maji yakamshuka usoni, shingoni, ndani ya kanzu. Alisimama mara nyingi. Alipopata pumzi akauliza, "Unashuka huku kila siku?"

"Mabomba yakikauka, ndiyo."

"Nani alikwambia ushuke?"

"Hakuna aliyeniambia, Mjomba."

Akaomba majani. Tulikuwa tumeshakaribia juu.

Mama Rukia alikuwa anasubiri uwanjani na Zuhura, na ndugu wote wametoka nje kutazama. Akachungulia ndoo. "Haya hata ya kunawa miguu hayatoshi. Ila umefika nayo, mtu wangu, sina neno." Akamwachia Zuhura. Hakusema utani mwingine, na mimi nikajua sasa mlango umefunguliwa, Mjomba anaweza kumchukua.

Mjomba alisimama kanzu inamchuruzika. "Somoe," akasema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko jana. "Mimi ningeshauri mkae hapa pamoja. Nitakuwa nakuja. Lakini utakayeamua ni wewe."

Nilisubiri lazima yake, haikuja. Alikuwa nayo, ilikuwa haki yake mbele ya ukoo wote, na aliiweka chini pamoja na ndoo. Nilidhani nitafurahi. Lakini mpaka dakika ile, kama mambo yangeharibika, yangekuwa yake. Sasa wadogo zangu wakilala na njaa, wakifeli, wakiugua, ni mimi niliyeamua. Bibi alikuwa ananitazama, Hamisi anatazama viatu vyake. Nikasema, "Tutakaa."

Tulikaa. Siku hizi maji yanatoka uani kwangu siku nyingi kuliko yasizotoka, na njia ya bondeni imeota vichaka. Hamisi ni fundi umeme Masasi. Mama Rukia tumeshamzika, na utani wake msibani tuliufanya sisi. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni ule udadisi wa uwanjani, mikono ikinata utomvu wa mabibo, nikiamini kwamba lazima ni nzito na ushauri ni mwepesi, kama Hamisi alivyofundishwa.

Juzi Zuhura alinipigia simu. Amepata kazi ya kufundisha, mbali sana na huku, na anaogopa kuniacha. Akaeleza yote, akamaliza kama anavyomaliza kila mara tangu utoto, "Basi Dada, niende? Sema masti yako." Nilikuwa nayo mdomoni. Baki. Ningeisema kwa sauti ya chini, na angebaki.

"Safari hii sina masti," nikamwambia. "Nina shudi. Ningeshauri uende. Lakini utakayeamua ni wewe."

Nilimsikia akivuta pumzi polepole, kama mtu aliyetwishwa ndoo sasa hivi, bado anaiweka shingo sawa.