Magamba ya Bibi wa Chemchemi

Baba yangu, Mukuka, amegonga shaba miaka thelathini na minane katika ua wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi. Hukata bamba, akalilaza juu ya lami, akaligonga kwa nyuma mpaka picha itokeze mbele. Tembo, simba, mama mwenye mtungi, ramani ya nchi: ndizo wateja wanazotaka, na mkono wake unazijua hata gizani. Mimi Benita, bintiye, huzisugua kwa ndimu na majivu. Tembo nimewachoka kabisa, na nimewahi kumwambia.

Naye alichoka, ila si mtu wa kulalamika. Alichotaka ni kimoja: kabla mikono haijaisha nguvu, afanye kazi moja ambayo watu wataitazama na kuuliza imetoka kwa nani.

Mwaka jana akaja Madame Huguette, mwalimu wa historia, na karatasi yenye picha ya sarafu ya fedha ya Wagiriki wa kale. Kichwa cha mwanamke, nywele zimetapakaa, samaki wanne wakimzunguka. Aliitaka kwenye shaba, upana wa sinia, aitundike darasani.

Baba alifurahi hadi akasahau chai. "Huyu ninamujua," akaniambia baadaye. "Iko Mamba Muntu." Yule mwanamke wa majini ambaye zamani kila sebule mjini ilikuwa na picha yake. Kitu kimoja tu kilimsumbua: samaki walikuwa laini, hawana gamba hata moja. Akaamua kwamba sarafu imelika kwa kushikwashikwa, na fundi mwema hawezi kumwachia samaki aibu hiyo. Baba ni mzaliwa wa Pweto, kwenye ziwa Mweru, na samaki anawajua. Siku tatu nzima aligonga magamba, moja moja, na mikia akaisimamisha wima, kama ya samaki wa ziwani.

Madame Huguette alipokuja kuichukua, alitazama magamba, akatikisa kichwa.

"Papa Mukuka, hii haiko samaki. Iko dauphins. Inanyonyesha batoto, kama vile ng'ombe. Haina magamba."

Alimaanisha pomboo, wanyama wa baharini. Baba akakaa kwenye kigoda. Shaba ikishavutwa, ukiirudisha inapasuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Hasira ilinipanda. Kwa nini hakusema siku ya kwanza? Nilikuwa nimefungua mdomo, Baba akaninyamazisha kwa mkono.

"Madame, mayi ya huyu mwanamuke iko ya chumvi?"

"Hapana. Alikuwa anakimbia mungu wa mto, akageuzwa chemchemi. Mayi yake iko ya kunywa, pa kisiwa. Chumvi iko inje, pande zote. Dauphins njo inaonyesha ile bahari."

"Basi beye, Bagiriki, balichora bahari," akasema Baba polepole. "Miye nilichora chemchemi. Mayi ya kunywa iko na samaki ya magamba."

Mwalimu aliinama akaitazama shaba upya. Akapitisha kidole juu ya magamba, kutoka samaki mmoja hadi mwingine, wote wanne. Kisha akacheka, na mimi nikapumua.

"Nitaibeba hivi hivi," akasema. "Batoto batauliza, na nitabaelezea. Lakini kuna kitu moja inakosa." Akaichukua ile karatasi, akaonyesha utepe wa nywele wa yule mwanamke. Palikuwa na herufi ndogo sana. "Hii iko jina ya fundi. Kimoni. Aliandika yeye mwenyewe."

Baba akaisogeza karatasi karibu na macho. "Na bakubwa ba inchi habakumukatalia?"

"Habakumukatalia."

Baba akailaza shaba tena juu ya lami. Akachukua patasi ndogo kuliko zote, akapangusa mkono kwenye suruali, akaandika kwenye utepe. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikaingia kwenye nywele. Akapuliza vumbi, akanigeuzia bamba.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma: Mukuka.

"Soma tena."